Mistari ya Maradhi

Katika kilima chetu chote hakuna mtu aliyewahi kulima maharage akanishinda. Nasema hivyo bila woga kwa sababu wote waliokuwa wakinishinda wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja, naye masikio yamemwisha, hawezi kubisha. Na mimi mwenyewe, bingwa, nilikuwa nimepitisha misimu kadhaa mfululizo bila kuvuna maharage ya kujaza kofia ya mtoto.

Si kwamba hayakuota. Yangekataa kuota, mtu angejilalia zake. Yaliota vizuri, yakakunjua majani, yakatoa maua, na sisi tukaanza kuazimana magunia. Halafu siku moja unaona doa la kahawia kwenye jani, dogo, lenye pembe, kama alama ya kalamu ya mwalimu mwenye hasira. Kesho yake yako mengi. Wiki haiishi, majani yote yako chini, mashina yamebaki matupu yamesimama shambani kama watu walioibiwa nguo mtoni. Maganda machache yaliyowahi kufunga yana vidonda, ukiyapasua unakuta punje zimejikunja kama masikio ya kizee. Yangu, kwa mfano.

Mbegu yenyewe ni yetu ya siku zote, nyekundu yenye michirizi myeupe, tunaiita Nguo ya Bibi. Mama yangu aliipanda, na mama yake pia. Imetulea sote. Lakini sasa imechoka, kila ugonjwa unaopita njiani unaingia kwake kupumzika.

Nyumbani tulikuwa watano. Mimi, mwanangu, mke wake, na watoto wao pacha, wasichana. Kwa hiyo mwanangu ni Baba Pacha, mke wake Mama Pacha, na mimi ni Bibi, cheo ambacho hakina mshahara wala likizo. Baba Pacha ni fundi. Anatengeneza baiskeli, anatengeneza taa, anatengeneza chochote chenye skrubu, hapo hapo kibarazani, ndani ya ovaroli lake la buluu ambalo nadhani siku moja tutamzika nalo. Kusema hasemi. Alipokuwa mdogo tulimpeleka zahanati tukidhani ni bubu. Mganga akamtekenya, mtoto akacheka, akasema, "Acha." Mganga akaturudishia mtoto wetu, akasema huyu haumwi, ni mchoyo tu.

Mama Pacha yeye husema, na husema kweli, ndiyo maana nilimwogopa tangu siku ya kwanza.

Jioni moja baada ya mavuno, kama yale yanaitwa mavuno, tulikuwa tunakula. Pacha walikuwa wamegundua mchezo mpya: kila mmoja anahesabu punje kwenye sahani ya mwenzake. Mmoja akalia kwamba dada yake amezidishiwa. Mama Pacha akachukua ile punje, akaitazama, akaimega katikati kwa kucha, akawagawia nusu nusu. Kisha akaweka mwiko chini.

"Mama," akaniambia, "mimi nimefika mwisho."

"Mwisho wa nini, mkwe wangu? Chungu?"

"Sitanii, Mama. Kaka yangu ana chumba kule kwenye kiwanda cha matofali. Amesema twende. Baba Pacha hakosi kazi, baiskeli ziko kila mahali."

"Na mimi?"

"Na wewe twende."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Nilale chumba kimoja na wewe na mume wako? Mimi nakoroma, na nyinyi bado mna damu."

Pacha wakacheka, bila kujua wanachocheka. Mama yao hakucheka. Akasema taratibu, "Hilo shamba halitupi kitu. Watoto wamekonda mpaka shati linawalalia begani. Kama wewe hutaki kuondoka siwezi kukubeba, lakini wanangu nawabeba."

Nikamgeukia mwanangu. "Na wewe, baba, unasemaje?"

Alikuwa ameinamia sahani. Akasema, "Sijui, Mama."

Kwake yeye hiyo ni hotuba. Usiku ule nililala macho yakiwa wazi, nikisikiliza nyumba yangu ikipumua, watu wanne chumba cha pili na mimi huku, nikajaribu kuisikiliza kama itakavyokuwa mimi peke yangu. Sikupenda.

*

Bwana Shamba wetu ni mwanamke. Cheo kilifika kabla yake, akakikuta, hakuna aliyeona sababu ya kukibadilisha. Mwaka ule alikuwa mjamzito, na watu walisema bila kucheka kwamba Bwana Shamba anakaribia kujifungua. Alikuja kabla ya mvua, ameshika kiuno, anahema.

"Bibi, natafuta shamba linalougua vibaya."

"Umefika, mwanangu. Hapa ndipo makao makuu."

Akanieleza. Kule kwao, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, walikuwa wamezalisha mbegu mpya za maharage, aina kadhaa, na zilitakiwa zijaribiwe kwenye kilima kama hiki chetu, chenye ukungu wa asubuhi na magonjwa yake yote. Itakayozaa na kustahimili ndiyo itakayozidishwa igawiwe watu.

"Shamba la kwanza limekwenda na mafuriko," akasema. "La pili, mbuzi."

"Mbuzi wamesema mbegu gani nzuri?"

"Wamezipenda zote."

Nikampenda hapo hapo.

"Limebaki lako, Bibi, kama utakubali. Na huu ndio msimu wa mwisho. Wakubwa wamesema wakikosa majibu safari hii, mradi unahamia upande mwingine, na hiki kilima hakitarudi tena kwenye mpango wao."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na ungo, anasikiliza. Akauliza, "Dada, kuna hata moja itakayosimama?"

"Sijui," Bwana Shamba akasema. "Ningejua nisingepanda."

Jibu hilo lilimwingia Mama Pacha, kwa vile anapenda kweli hata ikiwa chungu. Akapepeta mara mbili tatu, akasema, "Basi nitangoja hii. Wewe mwenyewe ukija kusema kuna iliyosimama, tunabaki. Ukisema hakuna, tunaondoka, na mtu asinililie." Alisema anamtazama Bwana Shamba, lakini mimi ndiye niliyekuwa naambiwa.

Baba Pacha alikuwa kibarazani ameshika gurudumu. Niliona gurudumu limeacha kuzunguka.

Tukapanda. Shamba lilikatwa kwa kamba na vigingi, vitalu vidogo vidogo, kila kimoja na kibao chake chenye namba. Kitalu kimoja kilikuwa cha Nguo ya Bibi, ili wapya wapimwe naye. Na katikati ya vitalu, na kuzunguka shamba zima, Bwana Shamba akapanda mistari ya maharage mengine, yenye punje nyembamba za kijivu.

"Na haya?"

"Haya ndiyo dhaifu kuliko yote. Kazi yake ni kuugua."

"Kazi yake ni kuugua!"

"Yaugue mapema, Bibi, yaambukize vitalu vyote sawasawa. Bila hivyo nitajuaje nani amesimama kwa nguvu zake na nani ugonjwa haukumfikia tu? Tunaiita mistari ya maradhi."

"Katika ukoo wetu kazi hiyo anaifanya binamu yangu," nikasema. "Akija kutembea, wiki nzima nyumba inakohoa."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akawa mkali kama mwalimu. "Sasa nisikilize. Usipige dawa yoyote, hata mrututu ule wa buluu. Using'oe mgonjwa. Usichume hata jani la mboga. Yanayotaka kufa yaache yafe. Mkiyasaidia, mnaniharibia."

Tulikuwa tumesimama wote, familia nzima. Sote tukaitikia ndiyo. Hata Baba Pacha alitikisa kichwa.

Namba zilinichosha, kwa hiyo vitalu nikavipa majina. Kimoja kilichotanda ovyo kila mahali nikakiita Mpiga Siasa. Kingine kilichorefuka bila kutoa ua nikakiita Mseja. Na kile cha pembeni karibu na kichaka, kifupi, kipana, majani meusi kwa ubichi, kimekaa chini kimejaa kama mtu aliyekuja harusini na hana mpango wa kuondoka, hicho nikakiita Shangazi. Tangu kilipochomoza nilikipenda. Nilikuwa nikipita nakisalimu.

Mistari ya maradhi haikuchelewa kazini. Mvua hazijachanganya vizuri, ile mistari ikashika madoa, ikawa ya njano, ikaanza kudondosha majani. Watu waliopita njiani wakasimama kutazama. Jirani yangu mmoja, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, akapiga kelele kutoka barabarani, "Jamani Bibi, safari hii umepanda ugonjwa kabisa! Kwa mistari!"

"Ndiyo, na unakuja vizuri!" nikamjibu. Lakini niliona haya. Mikono iliniwasha. Nilikuwa nikienda shambani nimeifunga nyuma ya mgongo, kama mtu anayepita sokoni hana kitu mfukoni.

Bwana Shamba akaja kukagua. Alitembea kila kitalu akiinama kwa shida, anageuza majani, anatoa alama kwa sauti. Moja ni mzima, tisa ni maiti. Mpiga Siasa alipata sita. Mseja tano. Nguo ya Bibi, mbegu ya mama yangu, ilipata saba, na nilitaka kumwomba anifichie. Alipofika kwa Shangazi akakaa sana. Akageuza jani hili, akageuza lile.

"Mbili," akasema. Kisha akasema tena kana kwamba haamini, "Mbili, Bibi."

"Ni nzuri?"

"Bado mapema. Usimwambie mtu."

Nikawaambia watu wote.

*

Siku chache baada ya hapo nilikwenda kumsalimu Shangazi nikakuta doa. Jani la chini kabisa, upande wa kichaka. Doa la kahawia, lenye pembe. Nikapekua. Jani la pili, madoa mawili. Jani la tatu.

Najua nilichofanya kwa sababu magoti yangu yaliniuma wiki nzima: niliketi pale pale kwenye tope. Sikulia. Nilitazama tu. Nilikuwa nimeyaona hayo misimu yote, najua yanavyoanza na najua yanavyokwisha. Nikaona sahani za pacha. Nikaona mlango wa chumba cha pili umefungwa na ndani hamna mtu.

Nilirudi nyumbani, Mama Pacha hayupo, amekwenda kisimani na watoto. Baba Pacha alikuwa kibarazani anaziba pancha.

"Baba," nikamwambia, "Shangazi ameshika madoa."

Akaacha kuziba.

"Mengi?"

"Yanaanza. Unajua yakianza."

Nikamwambia, "Usimwambie mkeo. Acha angalau wiki hii ipite." Nikamwambia pia, sijui kwa nini, "Mimi nitakufa humu ndani peke yangu, watakuja kunijua kwa harufu." Ilikuwa utani wangu, nilitaka acheke. Hakucheka. Akachovya tyubu kwenye beseni la maji, akatazama mapovu yanavyotoka, akatazama, akatazama.

Basi. Nikangoja kifo cha Shangazi kama watu wanavyongoja habari kutoka hospitali. Kila asubuhi nasema leo sitakwenda shambani, na kila jua likipanda naenda.

Hakufa.

Madoa yalisimama pale pale. Majani mapya yakatoka safi. Wiki ikapita, ikaja nyingine, mvua inanyesha, ukungu umelala kilima kizima, na mashamba ya majirani yote yanapukutika kama kuku anayenyonyolewa, lakini langu ni kijani. Si Shangazi peke yake. Mpiga Siasa akajirekebisha. Mseja akatoa maua. Nguo ya Bibi ikatoa majani mapya juu, nikasema moyoni, mbegu ya mama yangu imetubu. Hata mistari ya maradhi, ile ambayo kazi yake ilikuwa kuugua, ikaanza kunawiri.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilishukuru Mungu, nikafunga kitambaa kipya kichwani, nikasimama kando ya njia ili watu wanione.

Redio akapita, akasimama, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa la kutangaza. Nikamwambia, "Jirani, lete kopo. Tukivuna nitakupa mbegu." Nikamwahidi yeye, nikamwahidi mama wa bondeni, nikamwahidi mtu aliyekuwa anapita tu anauza mikeka. Niligawa maharage ambayo hayajakauka kwa watu ambao sijawahi kuwapenda.

Na Mama Pacha akaanza kubadilika. Ukuta wa jiko ulikuwa na ufa ambao tangu msimu uliopita alikuwa akiupita tu kama mtu anayepita nyumba ya wengine. Asubuhi moja nikasikia anakanyaga udongo uani. Akauziba ule ufa, akasawazisha kwa kiganja. Kesho yake akaanza ukuta wa pili. Akaimba kidogo, wimbo hana, lakini akaimba. Mtu anayeondoka hakandiki ukuta. Mimi nikajifanya natafuta kuni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikacheza peke yangu hatua mbili, ya tatu kiuno kikakataa.

Mwanangu nikamwambia, "Unaona? Shangazi amesimama."

"Naona, Mama," akasema. Akaenda kunawa mikono.

*

Bwana Shamba alikuwa ameahidi kuja wiki ya pili yake. Akaja mapema, asubuhi, bila taarifa, kwa sababu amepata lifti ya gari la kituo na tumbo halikumruhusu tena kungoja basi. Nikatoka kumpokea nikiwa nimejawa na maneno. Nikamshika mkono, nikamwongoza shambani kama ninayempeleka kwa bibi harusi.

"Tazama," nikasema. "Sema mwenyewe."

Akatazama. Nilingoja acheke. Akapita kitalu cha kwanza, cha pili, hata karatasi yake hajaitoa. Akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa maradhi, akainama, akashika jani. Akashika lingine. Umande ulikuwa mwingi, umeosha majani, mikono yake ikalowa. Akasugua kidole kwa kidole, akanusa.

"Mafua yamenibana, sinusi kitu," akasema. "Bibi, hebu nusa wewe."

"Mimi pua yangu ilistaafu zamani, mwanangu. Inabeba miwani tu."

Hakutabasamu. "Bibi, kuna mtu amepiga dawa hapa?"

"Dawa gani? Nani? Ni baraka hiyo."

"Hii mistari haiponi, Bibi. Niliichagua kwa sababu haiponi." Alisema polepole, kama anayemwamsha mtu usingizini. "Kama hii imepona, hapa hakuna ugonjwa. Na kama hakuna ugonjwa, sijui lolote kuhusu hizi nyingine. Wote ni wazima, kwa hiyo sijui nani mzima."

"Lakini Shangazi," nikasema. "Shangazi alishika madoa akayashinda. Nimeyaona mimi, kwa macho yangu. Yalianza, yakasimama."

Akanigeukia haraka. "Lini?"

"Ulipoondoka tu. Nilidhani anakufa."

"Madoa machache si kitu, Bibi. Hata inayostahimili huugua. Tofauti yake ni kwamba haifi. Hicho ndicho nilichokuja kukiona leo." Akamtazama Shangazi, pale alipokaa, mpana, amejaa maganda. "Ningekuta zile nyingine zimelala chini na huyu amesimama na madoa yake, ningewapigia simu kutoka hapa hapa."

Nikaanza kuwaza jambo. Nikalikanyaga. Nikasema, "Twende nyumbani ukae, unachoka."

Tulimkuta Baba Pacha kibarazani, amechuchumaa mbele ya baiskeli, ovaroli lake mwilini, jasho usoni. Mama Pacha akatoka jikoni mikono ina udongo hadi viwikoni, akaleta kigoda. Bwana Shamba akakaa. Ukutani yalikuwa yametundikwa mabomba mawili ya kupulizia dawa, yale ya kubeba mgongoni. Akayaona.

"Haya ya nani, Baba Pacha?"

"Ya watu. Yanavuja. Natengeneza."

"Sawa." Akapangusa pua kwa leso. "Jamani, nitauliza mara moja tu. Sikuja kumkamata mtu. Kama shamba halijapigwa dawa, basi ugonjwa msimu huu haukukaza. Hutokea. Nitaandika hivyo, nitaomba nirudie hapa hapa msimu ujao, na ile ya pembeni nitawaachia mbegu mpande. Ilianza na alama mbili, ina nafasi kubwa. Wakubwa walisema huu ni wa mwisho, lakini kwa hilo watanisikiliza."

"Na kama limepigwa?" Mama Pacha akauliza.

"Basi yote ni ya kutupa. Siwezi kupeleka. Watasema watu wa kilima hiki hawashiki maneno, na mradi utahama."

"Yaani huwezi kusema imesimama."

"Siwezi kusema lolote, dada. Labda ilikuwa inasimama yenyewe. Labda ilikuwa inakufa. Aliyepiga dawa amefuta vyote viwili."

"Tukaipanda wenyewe tu tuone?" nikasema mimi.

"Msimu mwingine," Mama Pacha akasema. Hakupandisha sauti. "Msimu mwingine watoto wale nini, Mama? Tuone?"

Udongo ulikuwa unamkauka mikononi, unapasuka. Akamgeukia mume wake. Sijawahi kuona mtu anatazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba.

"Baba Pacha. Umepiga dawa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Sijagusa lile shamba. Tangu siku ya kupanda."

Maneno mengi kiasi hicho, kwa mpigo mmoja! Moyo ukaniruka, lakini nikaukamata ukiwa bado hewani. Kwa sababu niliona Mama Pacha anaamini. Niliona mabega yake yanashuka. Niliona Bwana Shamba anatoa karatasi na kalamu, anaandika, na nyumba yangu yote, chumba cha pili, pacha, ukuta mpya wa jiko, vyote vikiingia kwenye ile kalamu kimoja kimoja. Nikaona nisaidie.

"Mwanangu huyu?" nikasema. "Huyu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Uongo unataka maneno, atayatoa wapi?"

Bwana Shamba akacheka kidogo. Mama Pacha naye, kwa mbali, akacheka. Na mimi, kwa furaha, kwa kujipa moyo, kama mama yeyote anavyofanya akimsifu mtoto wake mbele ya wageni, nikamsogelea pale alipochuchumaa nikampiga mgongoni kwa kiganja, paa!

Palikuwa pamelowa chapa. Si kwapani, si shingoni. Mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi kiunoni, mahali ambapo bomba linakaa.

Nikautoa mkono. Nilitaka kuuficha kwenye nguo, namwambia Mungu kweli nilitaka, lakini Mama Pacha alikuwa karibu kuliko nguo. Akanishika kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja juu. Kwenye ovaroli lile rangi isingeonekana hata kwa darubini. Kwenye kiganja changu cheupe cha uzee ilikaa buluu ya mrututu, imejaa kwenye mistari yote, inadondoka.

Bwana Shamba akaacha kuandika.

Baba Pacha alitazama kiganja changu. Kisha akamtazama mke wake. Kisha akatazama chini, kwenye mnyororo wa baiskeli ya mtu.

"Ni jasho," akasema.